Makosa Katika Kitabu cha Mwili

Mtu apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto mwezi wa Juni huliacha joto la nyika nyuma yake. Asubuhi ukungu hufunika migomba na mashamba ya mboga, na nyumbani jambo la kwanza ni chai. Majani yake hayatoki mbali, maana upande wa Bumbuli milima imepandwa chai. Tena hunywewa ya moto sana, na mwenye nyumba huona haya kumpa mgeni chai iliyopoa.

Katika nchi za mashariki ya Afrika, tangu Ethiopia mpaka Afrika Kusini, yako maradhi yaonekanayo kwa wingi, nayo ni saratani ya umio, yaani ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Mgonjwa huanza kukwamwa na ugali. Baadaye hata uji haupiti. Wengi hufika hospitali wamechelewa. Mbona maradhi haya ni mengi huku, na katika nchi nyingine ni machache?

Wako watu waliotafuta jibu pasipo dawa wala kisu, bali kwa kusoma na kuhesabu. Baadhi yao hufanya kazi katika chuo cha utafiti cha Wellcome Sanger, kijijini Hinxton, karibu na mji wa Cambridge, Uingereza. Zana yao kubwa ni kompyuta, maana kila chembe ya mwili ina maandiko kama kitabu chenye herufi kiasi cha bilioni 3, na chembe ikigawanyika kuwa mbili, kitabu chote hunakiliwa. Katika kunakili, makosa huingia.

Fikiri habari za mwalimu asahihishaye imla. Mwanafunzi mmoja huandika l mahali pa r; mwingine huruka herufi; wa tatu huunganisha maneno. Mwalimu aliyewazoea humjua mwenye daftari kwa makosa yake, hata kama jina halikuandikwa. Kadhalika moshi wa tumbaku huacha makosa ya namna yake, na jua liunguzalo ngozi huacha ya namna nyingine.

Basi zilikusanywa nyama za uvimbe wa wagonjwa 552 kutoka nchi nane, zikiwamo Tanzania, Kenya na Malawi. Kompyuta ikalinganisha maandiko ya uvimbe na maandiko mazima ya mgonjwa yule yule, ikayatenga makosa na kuyapanga kwa namna zake. Watafiti walitumaini kwamba katika nchi zenye maradhi mengi utaonekana mwandiko mgeni, nao ungewaonyesha mkosaji.

Hawakuuona. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2021. Makosa ya wagonjwa wa nchi hizi kwa jumla yalifanana na ya wagonjwa wa nchi zenye maradhi machache. Alama za pombe na za tumbaku zilikuwako kwa wengine, lakini hazikutosha kueleza tofauti ya nchi na nchi. Mwalimu aliyepata kumtafuta mkosaji darasani akamkosa ajua jinsi ilivyo vigumu kusimama mbele ya wote na kusema, "Sikumwona." Wao walisema.

Huenda mkosaji hana mwandiko kabisa. Kitu kiunguzacho umio kila siku labda hakiandiki hata herufi moja. Lakini nyama iliyoungua hujiponya kwa kuzidisha chembe, na kitabu hunakiliwa mara nyingi kupita kiasi. Hapo mnakili hukosea kwa desturi yake ile ile, ila hukosea mara nyingi zaidi.

Ndiyo maana kipimajoto nacho kina kazi. Katika vijiji vya Kilimanjaro watafiti waliwapima wanywaji 188, wakaeleza habari zao mwaka 2015: kwa wastani walianza kunywa kinywaji kikiwa na joto la digrii 70 hivi, na wenye chai ya maziwa walianza ikiwa ya moto kuliko wenye chai ya rangi. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, likatangaza kwamba vinywaji vipitavyo digrii 65 yamkini huleta saratani ya umio.

Katika kikombe kilicho wazi, chai hushuka kutoka 70 mpaka 65 kwa dakika chache tu, mgeni angali akiulizwa habari za nyumbani kwake.