Tano Iliyoshuka

Msomaji, chukua kalamu uandike mbili, kisha juu ya bega lake la kulia uandike tano ndogo. Hiyo ni mbili kwa kipeo cha tano, na thamani yake ni 32. Ishushe tano ile hadi usawa wa mbili, nawe utaiona 25. Hukuongeza kitu wala hukupunguza; umebadili mahali tu.

Jambo hili nilifunzwa na mwanafunzi wangu mwaka 1984. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na mitihani niliipiga mwenyewe kwa taipureta. Kila penye kipeo ilinibidi niizungushe roli nusu mstari, nipige tarakimu, kisha niirudishe. Usiku mmoja, taa hafifu na macho mazito, nilisahau kuizungusha. Wanafunzi wengi walikisia nia yangu. Kijana mmoja aliyaamini maandishi yangu, nami nikamkosesha kwa wino mwekundu. Alinijia kwa adabu akasema, "Mwalimu, nilikokotoa nilichokiona." Nilimrudishia alama zake mbele ya darasa. Aibu ile ningali nayo.

Baadaye nilisoma habari za Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Vitabu vyake vya kwanza vilipangwa kwa herufi za risasi, navyo vilipendeza. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio zilizopangwa kwa mtambo mpya, akachukizwa na sura yake. Wengi wetu tungenung'unika, tukalala. Yeye alianza kuunda programu ya kupanga maandishi ya hesabu, akaiita TeX.

Katika programu hiyo mwandishi hutaja tu kwamba hiki ni kipeo, au hii ni sehemu. Kompyuta huihesabu kila alama kuwa kisanduku chenye upana, kimo, na kina chini ya mstari. Ndipo ikakipandisha kipeo na kukipunguza, au ikairefusha alama ya kipeuo ifunike vyote vilivyomo. Hapana roli ya kusahauliwa. Hata hivyo, anayeandika 25 akikusudia kipeo atapata 25 nzuri mno!

Knuth alitaraji kuimaliza kazi hiyo mwaka 1978. Haikutulia hadi 1989. Aliitoa bure kwa walimwengu, na aliyegundua kosa ndani yake alimpa zawadi, iliyopanda mwaka hadi mwaka ikafika dola 327.68. Kijana wangu alipata alama mbili.