Tulikwenda Nyasa kwa Basi na kwa Miguu

Sebuleni kwetu hapa Songea palikuwa na kalenda ambayo hatukuitoa ukutani hata mwaka wake ulipokwisha. Picha ya mwezi wa nane ilikuwa ya kisiwa kimoja cha Ugiriki kiitwacho Hydra: nyumba nyeupe, bahari ya buluu, na punda watatu waliobeba mizigo wakipanda ngazi za mawe. Mgeni aliyetuletea kalenda ile alitueleza kwamba kisiwani humo magari ya watu binafsi hayaruhusiwi. Watu huenda kwa miguu, mizigo hubebwa na punda, na safari za mbali ni za mashua. Kila tulipokunywa chai ya jioni mmoja wetu aliitazama picha ile na kusema, "Iko siku." Mwingine hakujibu kitu.

Mpendwa msomaji, sisi ni mume na mke, mwalimu na muuguzi, na ndoa yetu ina miaka 21. Katika miaka hiyo yote hatukuwahi kwenda likizo. Safari zetu zilikuwa za misiba, za harusi, za kupeleka watoto shule na za kulima kwa wazazi. Mtoto wetu wa mwisho alipokwenda shule ya bweni, nyumba ilinyamaza. Hapo ndipo tulipogundua kwamba maneno yetu yalikuwa ya ada, luku na mboga tu. Mmoja anarudi kutoka zamu ya usiku, mwingine anatoka kwenda kazini. Tukawa tunapishana mlangoni kama wapangaji wawili. Hatukugombana. Afadhali tungegombana!

Siku moja katika kikundi cha akina mama kanisani tulikuwa tukifundisha juu ya shinikizo la damu na umuhimu wa kupumzika. Mama mmoja mtu mzima akauliza, "Na wewe, mwanangu nesi, unapumzika lini?" Darasa zima likacheka. Jioni ile swali hilo lilifika nyumbani, na tukakubaliana kwamba mwezi wa kumi tutaondoka, sisi wawili, siku tano.

Kuchagua mahali

Ugiriki haikuwa ya kujadiliwa. Kisiwa cha Patmo tumekisoma katika Ufunuo tangu utotoni, na huko Yohana hakwenda likizo bali uhamishoni. Basi tulianza kutafuta Hydra yetu karibu na nyumbani.

Wa kwanza kutajwa ulikuwa mji wa Lamu kule Kenya, ambako vichochoro ni vyembamba na punda ndio wabebaji kama Hydra. Ni mbali mno kwa siku tano. Tukataja Mafia, lakini kutoka Songea ni lazima kwanza uelekee pwani, kisha uvuke bahari. Siku mbili za kwenda na mbili za kurudi zingetuachia siku moja ya kupumzika. Tukataja Likoma, kisiwa cha Malawi kilichomo katika Ziwa Nyasa, chenye kanisa kuu la Mtakatifu Petro ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1903. Hicho kilituvutia sana, ila hatukuwa na pasipoti.

Ikabaki Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, kwenye mkoa wetu huu huu wa Ruvuma. Kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilomita 100, na kutoka Mbinga kushuka ziwani ni kama 66. Zamani kipande hicho cha mwisho kilikuwa adhabu, hasa wakati wa masika. Sasa kina lami. Tena mbele ya Mbamba Bay kuna visiwa vidogo, kikiwemo Lundo. Kisiwa chetu kilikuwa kimelala nyuma ya milima, nasi tulikuwa tukitazama kalenda.

Likabaki suala la gari. Mmoja wetu alitaka tukodi. "Watu wazima kama sisi tukasukumane na vikapu stendi?" Mwingine alikumbusha yaliyotupata tulipokodi gari kwenda harusini: liliharibika usiku porini, na dereva akadai malipo ya siku mbili zaidi. Tukaandika hesabu kwenye daftari. Gari, mafuta, posho na malazi ya dereva vilizidi gharama ya chakula na kulala kwetu kwa siku zote tano. Tulipofika mwisho wa hesabu, aliyetaka gari alifunga daftari haraka kuliko tulivyotarajia, akasema, "Basi, twende kwa basi." Sababu ya haraka ile tuliijua baadaye.

Kabla ya kulipa chumba tulipiga simu na kuuliza maswali matano, ambayo tunayapendekeza kwa kila mama. Kutoka stendi hadi hapo ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu? Nani anapika, na je, tunaweza kupeleka samaki wetu? Vyandarua havijatoboka? Maji ya kunywa yanachemshwa? Jirani kuna baa inayopiga muziki usiku? Nyumba ya kwanza ilijibu vizuri manne ya mwanzo. Kwa swali la tano tulisikia jibu lenyewe likivuma ndani ya simu. Tukachukua ya pili.

Kushuka ziwani

Tulibeba begi moja kila mtu. Ndani tuliweka khanga mbili, kofia, tochi, chandarua cha akiba, dawa ya presha ya mmoja wetu, paketi za chumvi chumvi za kuharisha, na fedha taslimu za kutosha.

Basi liliondoka asubuhi. Tulipita upande wa Peramiho, palipo na abasia ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898, kisha tukaanza kupanda nchi ya Wamatengo. Hapo, msomaji, usilale. Utazame mashamba ya ngoro. Wamatengo hulaza nyasi zilizofyekwa katika miraba, wakazifunika kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo. Maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta, na mvua ikinyesha maji hutuama mashimoni badala ya kukokota udongo mlimani. Akina mama wa huko ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Tukiwa ndani ya gari dogo tungepita mbio. Ndani ya basi, dada mmoja wa Mbinga aliyekaa karibu nasi alitueleza hatua kwa hatua, huku mtoto wake amelala mapajani mwetu.

Baada ya Mbinga barabara inashuka kwa kona nyingi, joto linaongezeka, na ghafla ziwa linaonekana. Abiria wengi hawakugeuza hata shingo kwa kuwa wamezoea. Sisi tuliinuka vitini kama watoto. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina chake hufikia takriban mita 700. Upande wa pili, milima ya Malawi ilionekana kama moshi.

Kutoka stendi hadi nyumba ya wageni tulitembea. Mzee wa pale alitupokea kwa maji ya kunawa, na tulipomwamkia akajibu, "Marahaba, wanangu. Gari mmeliacha wapi?" Tukamwambia hatuna. Akacheka, "Basi mmekuja kukaa."

Siku ya upepo

Tulipanga kwenda Lundo siku ya pili. Alfajiri ziwa lilikuwa limechafuka. Upepo wa kusini, ambao wenyeji huuita mwera, huwa mkali zaidi kati ya Mei na Agosti. Ndiyo maana tulichagua Oktoba. Lakini ziwa halisomi kalenda. Mwenye boti alitutazama akasema, "Leo hapana, mama. Hata mkinilipa mara mbili." Tulimshukuru. Askofu Chauncy Maples wa misheni ya Likoma alizama katika ziwa hili mwezi wa tisa mwaka 1895, boti yake ilipopinduka katika dhoruba. Anayekukataza safari siku kama ile amekupenda.

Kwa kuwa hatukuwa na gari la kutupeleka kwingine, tulibaki na kitu kimoja cha kufanya: kutembea. Tulifuata mchanga, tukapita mitumbwi iliyopinduliwa, tukapita mahali ambapo akina mama walikuwa wakianika dagaa. Tulitembea saa nzima bila neno. Kisha mmoja wetu, ambaye hatutamtaja, akasimama akasema kuna jambo.

Miaka miwili kabla ya hapo, mmoja wetu alikuwa amemdhamini ndugu kwa mkopo. Ndugu aliacha kulipa, na tangu hapo mshahara wa mdhamini ulikuwa ukikatwa kila mwezi. Mwenzake hakuambiwa. Mara mshahara umechelewa, mara kuna mchango kazini. Uwongo mdogo mdogo, mwezi baada ya mwezi. Kumbe daftari lile lilifungwa haraka kwa sababu fedha za gari hazikuwapo kabisa.

Tusidanganyane, hapakuwa na kukumbatiana ufukweni. Mmoja alirudi peke yake akitangulia hatua mia, na mwingine akafuata nyuma. Tulikula ugali na samaki bila kutazamana. Kilichouma zaidi hakikuwa deni. Ni kule kuachwa nje ya jambo kwa miaka miwili huku tukiomba pamoja kila usiku. Lakini Mbamba Bay hatukuwa na zamu ya kukimbilia wala madaftari ya kusahihisha. Chumba kilikuwa kimoja. Usiku, taa za wavuvi zilipowaka ziwani kama mji mwingine, aliyekosewa aliuliza, "Imebaki kiasi gani?" Tukawasha tochi, tukatoa daftari.

Lundo na Liuli

Siku ya tatu ziwa lilitulia kama maji ya beseni. Tulivaa majaketi ya kujiokolea. Wasipokuwa nayo, msipande. Lundo ni kisiwa kidogo chenye mawe makubwa na miti. Maji yake ni maangavu hata ukiwa botini unawaona samaki wadogo wa buluu na njano wakizunguka mawe. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani, na nyingi kati yake hazipatikani penginepo. Tulikaa juu ya jiwe, tukala mkate na mayai, tukazungumza juu ya watoto. Juu yao wenyewe, si ada zao.

Siku ya nne tulipanda bodaboda mbili hadi Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay. Kwa barabara ya vumbi, funga kitambaa puani. Hapo majini kuna jiwe la Pomonda, lenye umbo lililowafanya Wajerumani waite mahali hapo Bandari ya Sfinksi. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita imeanza!

Liuli pia ndipo alipofia na kuzikwa, mwaka 1928, Archdeacon William Percival Johnson, aliyezunguka mwambao wa ziwa hili zaidi ya miaka 40 ingawa macho yake yalikuwa karibu kupofuka. Misheni yake ilikuwa na meli iliyoitwa Chauncy Maples, iliyoshushwa ziwani mwaka 1901 na kutumika kama shule, kanisa na zahanati. Muuguzi hawezi kusimama hapo bila kuwawazia wagonjwa waliongoja ufukweni hadi moshi wa meli uonekane.

Neno la muuguzi

Ziwa zuri lina kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji ya pembeni yaliyotulia, yenye majani na yanayochotwa na watu wengi. Ogeni mahali penye mchanga au mawe na mawimbi, msikawie majini, mjikaushe mara moja. Hata hivyo hakuna uhakika kamili. Baada ya safari nendeni kupima, lakini si kesho yake: dawa ya kichocho huua minyoo iliyokomaa, hivyo ngojeni kama wiki sita hadi nane. Lala ndani ya chandarua. Karibu na midomo ya mito muwaulize wenyeji habari za mamba kabla ya kutia mguu majini.

Tulirudi Songea siku ya tano na fungu la dagaa la majirani. Deni bado lipo, lakini sasa linalipwa na watu wawili, na daftari linakaa mezani, halifichwi tena. Mambo mengine bado yanauma, na yakiuma tunayasema. Kila Jumamosi, zamu ikiruhusu, tunatembea saa moja bila simu hadi nje ya mji na kurudi.

Mama mwenzetu, usingoje gari wala Ugiriki. Tafuta mahali ambapo basi linafika, ambapo jioni hakuna pa kukimbilia, umchukue mwenzako. Sisi tumeanza kuweka akiba ya pasipoti mbili. Likoma inaonekana si mbali tena.