Mgeni Kutoka Bugarama

Mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha saruji cha Bugarama alirejea nyumbani kwake Kamembe jioni ya Jumamosi akiwa na kobe kikapuni. Alikuwa amemwokota kando ya shamba la mpunga. Nia yake ilikuwa njema: mwanawe wa miaka tisa alikuwa amevunjika mguu, na kwa wiki ya tatu alilala mkekani akisikiliza wenzake wakicheza mpira nje.

Kobe huyo, ambaye kwa Kinyarwanda huitwa akanyamasyo, hakuzidi ukubwa wa sahani ya chakula. Alipoguswa aliingiza kichwa, na sehemu ya nyuma ya gamba lake ikashuka kama mlango wenye bawaba, ikaifunika miguu na mkia. Mtoto akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke. Wataalamu humwita Kinixys spekii, jina alilopewa mwaka 1863 kwa heshima ya Speke, msafiri Mwingereza. Huko Marekani wako kobe wa jamii nyingine ambao bawaba yao iko tumboni, nao hujifunga mbele na nyuma mithili ya sanduku. Wa kwetu ana mlango wa nyuma tu, na hata huo hazaliwi nao, bali hutokea kadiri anavyokua.

Kesho yake jirani alileta msumari na kamba, ili gamba litobolewe ukingoni na mnyama afungwe asipotee. Desturi hiyo ni ya kikatili. Gamba si kigae kilichobandikwa. Ndani yake kuna mfupa ulio hai, ulioungana na mbavu na uti wa mgongo, wenye damu na wenye kuhisi maumivu.

"Huyo si ndoo ya kutiwa mpini," bibi wa mtoto alisema, akauchukua msumari.

Hata hivyo mambo hayakuwa mema. Kobe alipewa wali na mkate, ilhali porini hula uyoga, majani, matunda yaliyoanguka, konokono, hata jongoo. Tena hana joto lake mwenyewe, hulipata juani. Bonde la Bugarama liko karibu mita 950 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake lajulikana. Ziwa Kivu, lililo chini ya Kamembe, liko mita 1,460. Juu ya sakafu ya saruji kobe akapoa, pua ikatoa kamasi, macho yakafumba.

Bibi akamweka juani kila asubuhi, penye kivuli cha kukimbilia, na kumwogesha katika maji ya vuguvugu yasiyofika kidevuni. Mtoto aliagiza konokono kwa wenzake. Siku ya sita kobe akala mmoja.

Ndipo baba alipotamka kwamba atarudishwa.

"Baba, mguu wangu bado haujapona."

Baba alikosa jibu. Bibi akasema, "Mjukuu wangu, wewe waugua kwenu. Mwenzio augua ugenini."

Jumapili mtoto alibebwa mgongoni hadi pale pale kando ya mpunga, kwa kuwa kobe huzijua njia na maficho ya kwao, na akiachwa pengine hutangatanga. Kobe alikaa amejifunga kwa muda mrefu. Dereva wa basi dogo akapiga honi mara mbili.

"Mwambie angoje, Baba."

Mlango wa gamba ukainuka. Kobe akatoa kichwa, akaingia majanini bila haraka, na mtoto akaendelea kutazama hadi majani yalipoacha kutikisika.