Mkono Mdomoni

Nilijua meno yangu ni ya kahawia siku nilipoingia Fomu Wani. Nyumbani Njoro, Nakuru, karibu kila mtoto alikuwa na madoa kama yangu, kwa hivyo hakuna aliyeuliza. Bwenini, mkoa mwingine, msichana wa kitanda cha juu aliniuliza wiki ya kwanza: "Kwani wewe hupigi mswaki?"

Nilikuwa napiga mara tatu kwa siku.

Tangu hapo nikaacha kujibu maswali darasani. Jibu nilikuwa nalo, lakini kulisema ni kufungua mdomo. Mdahalo nilikwepa. Nikisoma kwa sauti, mkono mdomoni, mwalimu anasema hanisikii. Ripoti za miaka minne ziliandika kitu kimoja: ajitahidi kushiriki.

Nikiwa na miaka 24, daktari wa meno Nairobi alinitazama mara moja tu. "Ulikulia Nakuru ama Naivasha?"

Kumbe ni maji. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floraidi kwenye maji ya chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya kwetu hupita hapo. Mtoto anayakunywa akiwa mdogo, wakati meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya, na yanatoka tayari yameharibika. Hakuna mswaki utakaoyatoa hayo madoa.

Kilichoniuma zaidi ni kumkumbuka mama. Kila jioni alichemsha maji yetu asituuguze taifodi. Lakini moto huua viini tu. Floraidi haiendi na mvuke, inabaki kwenye sufuria.

Sasa kaka yangu anaishi kwenye boma lile lile, na binti yake ana miaka mitatu. Nilimpigia simu ya video nikamwambia tuweke tangi, mtoto anywe maji ya mvua.

"Sisi si tulikunywa hayo hayo? Tulikufa?"

Hatukufa. Nikamsimulia habari za Fomu Wani, kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu wa nyumbani. Akacheka kidogo, kwa aibu, na nikaona mkono wake ukipanda kufunika mdomo.

Naye aliuona. Akaushusha polepole.

"Hilo tangi," akasema, "ni pesa ngapi?"