Kutoka Ukimya wa Norwich Hadi Gereza la Newgate

Norwich ni mji wa kale mashariki mwa Uingereza, mwendo wa saa mbili hivi kwa treni kutoka London. Katikati ya mji, katika kijia kiitwacho Upper Goat Lane, lipo jengo la ibada la Marafiki, yaani Wakweka, lililojengwa mwaka 1826. Mama aliyezoea kwaya na mapambio atashangaa akiingia humo. Hakuna mimbari wala kinanda. Watu huketi kimya kwa muda wa saa moja, na mwenye kuguswa na neno husimama akalisema kwa ufupi. Ibada huisha kwa kupeana mikono.

Katika nyumba ya ibada iliyotangulia hii, mwaka 1798, aliketi msichana wa miaka 17, binti wa tajiri, amevaa viatu vya zambarau vyenye kamba nyekundu. Jina lake Elizabeth Gurney. Ukimya ule ulikuwa ukimchosha. Lakini siku hiyo alimsikia mhubiri kutoka Marekani, William Savery, akatoka analia. Tangu hapo alianza kujifunza kutulia mbele za Mungu. Mwaka 1800 aliolewa na Joseph Fry, akahamia London.

Mwaka 1813 aliingia gereza la Newgate. Alikuta wanawake wamesongamana na watoto wao, wengine wakilala sakafuni bila matandiko. Aliwapelekea watoto wachanga nguo. Kisha ikapita miaka mitatu. Alizaa, aliugua, na mwaka 1815 alimzika binti yake mdogo.

Je, ile huruma ilizimika? Hasha. Mwishoni mwa mwaka 1816 alirudi Newgate, na safari hii hakutanguliza nguo. Alizungumza na wafungwa kama mama na mama wenzake: watoto wetu hawa tuwafanyie nini? Wakakubaliana kuanzisha shule, na wafungwa wenyewe wakamchagua mwenzao awe mwalimu. Mwaka 1817 Elizabeth na wenzake waliunda chama cha kuwasaidia. Kila kanuni ilisomwa mbele ya wafungwa, nao wakainua mikono kuikubali. Wakaanza kushona, kufuma na kusikiliza Biblia. Mwaka 1818 Elizabeth alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na sheria ya mwaka 1823 ikaagiza wafungwa wanawake walindwe na wanawake.

Newgate haipo tena. Ilianza kubomolewa mwaka 1902, na mahali pake pamesimama mahakama ya Old Bailey, si mbali na kanisa kuu la St Paul's.

Mwaka huohuo wa 1902 Marafiki walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ambako leo ibada zao hujaa nyimbo na mahubiri. Basi utulivu haupingani na nyimbo zetu. Faida yake ni kutufundisha kusikiliza. Mara nyingi twakimbilia kusaidia tukiwa na majibu tayari mkononi, na anayesaidiwa haulizwi neno.

Mama mwenye watoto hapati saa nzima ya kunyamaza. Elizabeth mwenyewe alizaa watoto 11. Lakini robo saa kabla nyumba haijaamka yaweza kupatikana. Keti, nyamaza, mlete mbele za Mungu yule jirani mwenye shida. Kisha nenda ukabishe hodi kwake, na kabla ya kumshauri lolote, muulize.