Rafadha ya Boti Yetu

Kilifi, Jumamosi 8 Februari 2025
Kaskazi nyepesi, bahari shwari. Tumetoka wanane, na sanduku la barafu, petroli ya kutosha na sufuria za chakula. Nimefungulia mafuta yote. Boti ikainua omo ikabaki hivyo hivyo, inaburura tezi, haitaki kupanda juu ya maji. Geji imegoma kwenye 4,700. Kitabu cha mashine yetu, farasi 60, kinataka mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika mafuta yakiwa wazi yote. Mashine inalemewa, na ikizoea kulemewa haidumu.

Jumapili 9
Wawili tu leo: 5,500, boti inaruka. Basi mashine ni nzima. Rafadha imegongwa muhuri 11⅜ × 14. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi: inchi ambazo ingesonga mbele kwa kila mzunguko kama isingeteleza majini, na huteleza, asilimia 10 hadi 20 ni kawaida. Ukipunguza pichi inchi moja, mashine hupata mizunguko 150 hadi 200 zaidi. Nataka 12.

Watu huulizia rafadha ya mbio. Boti ya kubeba watoto na wazee ichaguliwe kwa mzigo wake, mbio baadaye.

Jumanne 11
Mombasa. Muuzaji anasifu ya chuma cha pua, na kweli ni ngumu, panga zake nyembamba hukata maji vizuri. Fundi mzee aliyekuwa pembeni akaniambia: "Mwanangu, kwenu maji yakipwa kuna miamba na mafungu. Alumini itapinda yenyewe. Hiyo nyingine itapeleka kishindo kwenye gia." Nimechukua alumini.

Jumamosi 15
Tulipovua ile ya zamani tumekuta mshipi wa nailoni umejisokota kwenye shafti, nyuma kabisa. Ukikata sili, maji yanaingia kwenye mafuta ya gia. Tumeuondoa wote, tukapaka grisi, tukafunga nati kwa pini mpya.

Watu walewale wanane, mzigo uleule: 5,100, na boti imepanda juu ya maji bila kusitasita. Jioni, tukiwa wawili, 5,900. Mbio za mwisho zimepungua kidogo, sijali. Ya 12 inabaki. Ya 14 inakaa botini kama akiba, pamoja na spana na pini.