Gitaa Lililovuma

Wasomaji wa gazeti letu, na ninyi ndugu mliotutangulia katika shule hii, nataka kuwasimulia habari za gitaa langu la umeme, na jinsi nilivyotaka kulibadilishia mikro zake. Siandiki kwa kujisifu, maana mtaona wenyewe kwamba sehemu kubwa ya habari hii ni aibu yangu.

Kwanza niwaeleze maana ya mikro wale wasiopata kuliona gitaa la namna hii kwa karibu. Inanga yetu hutoa sauti kwa sababu ubao wake umechongwa ukawa na tumbo kama beseni. Uzi ukitikisika, tumbo nalo hujibu. Gitaa la umeme halina tumbo la namna hiyo, ni ubao mtupu. Lakini chini ya nyuzi zake mna vijisanduku vidogo, na ndani ya kila kimoja mna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mara elfu kadha. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika waya ule, kwa kanuni aliyoivumbua Michael Faraday mwaka 1831, ambayo sote tumeisoma darasani. Umeme huo hupelekwa katika kikuza sauti, nasi tukasikia. Vijisanduku hivyo ndivyo tuviitavyo mikro, kwa kuwafuata Wafaransa. Waingereza huviita pikapu, lakini usivuke Kobero ukaingia Tanzania kuulizia pikapu, maana utaonyeshwa gari!

Gitaa langu nililinunua mwaka 2023 kwa kijana mmoja wa Bujumbura. Lilikuwa na mikro tatu, kila moja ya waya mmoja. Nami napenda muziki mzito, huo uitwao hevi metali. Najua wengi wenu mwasema ni kelele tu. Lakini hata Afrika Mashariki wako wenye kuupenda: kundi la Duma la Nairobi lilitoa sahani yake mwaka 2020, nayo ikasikiwa mpaka Ulaya.

Basi Jumamosi alasiri, hapa Gitega, Padre msimamizi wa bweni alituruhusu kupiga katika bwalo. Kila nilipokanyaga kile kisanduku cha kuikwaruza sauti, gitaa lilivuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Tena mikro ya nyuma, iliyo karibu na mkono, ambayo ndiyo hasa itumiwayo katika muziki huo, ilikuwa bubu kabisa. Wenzangu wakacheka. Mimi nikakata shauri kwamba mikro zangu ni duni, sina budi kununua nyingine.

Nikasoma sana habari za mikro, pengine kuliko nilivyosoma masomo yangu. Nikajua kwamba ule uvumi watoka katika umeme wa nyumba, ambao hugeuka huku na huku mara 50 kwa sekunde, na kila waya uliozungushwa huunasa kama erieli. Mwaka 1955 fundi Seth Lover wa kiwanda cha Gibson, Marekani, alitafuta dawa yake. Aliweka waya mbili ubavu kwa ubavu, moja ikazungushwa kinyume cha nyingine, na sumaku zake zikatazama kinyume vile vile. Uvumi ukiingia katika zote mbili hujiua wenyewe, lakini sauti ya nyuzi hujumlika. Nikajua pia kwamba mwaka 1972 DiMarzio alitoa mikro yake iitwayo Super Distortion, yenye sumaku kali ya kauri, na kwamba mikro za EMG hutaka betri ya volti 9.

Ndugu yetu mmoja aishiye Dar es Salaam akaniambia ameiona mikro ya waya mbili, kali, ndogo kiasi cha kuingia katika tundu la gitaa langu pasipo kuchonga ubao. Bei yake ilikaribia bei ya gitaa zima. Hata hivyo nalikuwa na akiba ya faranga 240,000, niliyoipata kwa kuchuma kahawa za watu na kubeba mizigo wakati wa likizo. Niliificha katika kopo. Baba hakujua. Tukapatana kwamba dereva wa lori, atakayepita Muyinga Jumapili asubuhi kwenda Dar es Salaam, azichukue fedha.

Ijumaa nikapewa ruhusa, nikapanda gari la Gitega kwenda Muyinga kwa njia ya Karusi, gitaa mgongoni, kopo mfukoni. Hata nilipofika nyumbani, nikamkuta dada yangu mdogo anapepeta maharagwe. Nikamwuliza, "Mbona hukwenda shule?" Akainama. Mama ndiye aliyejibu, "Hana sare wala madaftari. Huu ni wiki ya tatu. Baba yako asema tungoje kahawa." Nami nikaona kopo lile limekuwa zito mfukoni kama jiwe. Lakini sikusema neno. Nikala, nikalala, nikanyamaza. Hiyo ndiyo aibu niliyowaambia.

Asubuhi ya Jumamosi nikalipeleka gitaa kwa mzee mmoja fundi wa redio, nikitaka anipimie tu kama mikro mpya itaingia. Nikamweleza shida yangu. Akaniuliza, "Je, hizi za zamani umezipima?" Nikasema hapana. Akasema, "Mwanangu, mgonjwa hanunuliwi dawa kabla hajapimwa."

Akalifungua, akachukua mita yake. Mikro ya mbele ilisoma kiloomu 6.1, ya kati 6.2. Ya nyuma mshale haukuondoka mahali pake. Akaivua ile tepu taratibu kama afunguaye kidonda, akaniita nitazame. Waya ulikuwa mzima wote, isipokuwa ncha yake ya nje, pale iliposhikana na waya mnene, palikuwa pamekatika. Akapaunga kwa bati. Mita ikasoma 6.3. Kisha akaona waya wa ardhi, uliotakiwa kushika chuma cha nyuzi, umeng'oka, akauunga nao. Uvumi ukapungua nusu.

Halafu alichukua sumaku ndogo aliyoitoa katika spika mbovu, akaisogeza juu ya kila mikro. Mikro mbili zikaivuta, lakini ile ya kati ikaisukuma. Mzee akashangaa, nami nikakumbuka habari za Seth Lover! Kumbe mikro ya kati ilikuwa imetengenezwa kinyume, sumaku na waya, na ile dawa nilikuwa nayo ndani ya gitaa langu siku zote. Nikamwomba aziunge mbili hizo kwa kufuatana, ya kati na ya nyuma, umeme upite moja kisha nyingine. Jumla yake ikawa 12.5, karibu mara mbili ya nguvu ya kwanza. Mwisho akazishusha kidogo kwa bisibisi, kwa kuwa sumaku ikikaribia uzi mno huuvuta ukashindwa kutikisika vema.

Nikapiga. Uvumi ulikuwa umebaki mnong'ono tu, na sauti nene ikatoka mpaka watu wa soko wakageuka. Sisemi kwamba ilikuwa sawasawa na mikro mpya. Mikro zangu hazikai ubavu kwa ubavu, kwa hiyo kuna uwazi fulani katika sauti, wala haina makali yale. Lakini ilikuwa ni muziki. Mzee akataka faranga 10,000, nikampa.

Jioni ile nikamwekea Baba kopo mbele yake. Akazihesabu fedha zote, akaniuliza, "Tangu lini?" Nikasema, "Tangu mwaka jana." Hakunipiga wala hakunigombeza. Alinitazama tu, na afadhali angalinipiga. Jumapili nikamwambia dereva sina cha kumpa. Jumatatu dada yangu alirudi shule na sare mpya, na fedha zilizobaki zikawekwa kwa Mama.

Ndugu zangu mpendao muziki huu, sikatazi kununua mikro. Nami nikimaliza shule na kupata kazi, nitanunua ya waya mbili. Lakini kwanza pimeni ile mliyo nayo. Pili, msidanganywe na neno "kali". Waya ukizungushwa mara nyingi huongeza nguvu, lakini hupunguza wembamba wa sauti, hata noti zikachanganyika kama uji. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Tatu, mkae mkijua mtapiga wapi, maana mikro ya betri haifai mahali pasipo na betri.

Tena kumbukeni habari za Tony Iommi wa kundi la Black Sabbath la Uingereza. Walipokuwa wakitengeneza sahani yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1970, mikro ya gitaa lake iliharibika katikati ya kazi. Akashika gitaa lake jingine, lenye mikro za waya mmoja mmoja tu, akamaliza. Sahani hiyo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa muziki huu wote.

Kabla sijarudi Gitega, Baba aliniambia nimpigie asikie. Nikapiga. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni kelele. Lakini sasa hakuna kilichofichwa ndani yake."